Ovila Haché na Sauti Aliyonyimwa

Padri, ndugu, jamaa na majirani wa Lamèque, familia imenituma mimi Zélica, dada mdogo wa marehemu, nisome maisha ya kaka yangu, nanyi mtaniwia radhi sauti ikipanda, maana hasira yangu ina umri wa miaka ishirini na minne.

Ovila Haché alizaliwa hapa hapa tarehe 14 Februari 1951, mtoto wa tatu wa mvuvi Philias Haché na mkewe Odile. Alimaliza shule mwaka 1967, akaingia kiwanda cha samaki, na Septemba 1972 akaenda mjini Moncton kusomea uigizaji, mzee Philias akimuaga kwa maneno haya: "Nenda kasomee uongo, wanasiasa wetu wanadanganya bila hata cheti!"

Mwaka 1979 alihamia jiji la Montreal, na toka 1983 hadi 1991 akaigiza daktari katika tamthilia ya televisheni ya kila Jumatano, hata akina mama wakawa wanamsimamisha dukani wamwonyeshe miguu iliyovimba. Tarehe 6 Julai 1985 alifunga ndoa na Bernadine Savoie, wakajaliwa mabinti wawili, Mylène na Josée.

Tarehe 12 Novemba 1994 filamu yake ya kwanza kama mhusika mkuu, akiwa mvuvi aliyefiwa na wanawe baharini, ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia, kijiji kizima kimejaa, na alipofungua kinywa pale kwenye skrini ikatoka sauti ya mtu mwingine, Kifaransa cha mjini kilichopigwa pasi badala ya Kifaransa chetu cha wavuvi, wala Ovila mwenyewe, aliyeketi katikati yetu, hakuwa ameambiwa, ndipo mama yake, wa miaka sabini na minane, akasimama: "Zimeni! Nani huyo anayesema? Mwanangu mmempeleka wapi?"

Alimfuata mtayarishaji wa filamu, bwana aliyeketi leo benchi ya pili, naye akamjibu kwa kicheko: "Ovila, rafiki yangu, lafudhi yako inanuka samaki, mjini nani atakuelewa?"

"Na uso wangu haunuki?" Ovila akamuuliza, akayarudia yote gazetini, na tangu hapo hakuna aliyempa kazi kwa miaka kumi na mmoja, mtu aliyeliza nchi nzima akarudi kiwandani kukata vichwa vya samaki, huku bwana yule akipanda majukwaani kupokea tuzo za filamu ile ile.

Mwaka 2006 alianza kutengeneza filamu na watu wa hapa, akatoa nne, zote kwa lugha ya nyumbani.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2017, akalazwa hospitali ya Bathurst mara tatu, na tarehe 9 Machi 2019, saa nne asubuhi, akakata roho mkono wake ukiwa mkononi mwa Bernadine. Jana kampuni ya bwana yule ilileta skrini kanisani, ionyeshe kipande cha filamu ile, eti kumuenzi, Josée akawauliza mlangoni, "Kwa sauti ya nani?", kisha akairudisha skrini garini mwao kwa mikono yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuwa wakiondoa theluji mlangoni pake, wenzake wa kiwandani, na waigizaji watatu waliompigia simu alipokuwa hana jina, na ninyi wengine mliomkimbia mnajijua, shukrani zenu hazipo. Bwana wa benchi ya pili, jeneza halijafungwa, una dakika kumi za kumwomba radhi, ukishindwa, mlango uko nyuma yako.

Ovila, kaka yetu, wewe pumzika kwa amani, sisi hiyo amani bado.