Mzee Bisibisi na Flashi ya Uzi wa Kijani

Baada ya miaka thelathini na moja ya kuitumikia shule yetu, fundi wa chumba cha kompyuta, tunayemwita Mzee Bisibisi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Klabu ya Kompyuta imepewa heshima ya kuandika machache juu yake. Mwenyewe aliomba yawe machache kweli.

Alianza kama fundi wa taipureta. Zilipoletwa kompyuta za kwanza, alisoma kitabu cha maelekezo mara mbili kabla ya kuchomeka waya hata mmoja, na mara ya tatu baada ya kuchomeka vibaya. Jina la utani limetokana na bisibisi fupi nyekundu isiyobanduka kifuani pake. Mkewe, ambaye ni mpishi wetu, ametuambia kwamba hata kwenye harusi ya binti yao ilikuwemo ndani ya koti.

Miaka minne iliyopita shule ilipewa kompyuta kumi na nane kuukuu. Zilichukua nusu kipindi kuwaka, na sehemu za kuingizia diski zote zilikuwa zimekufa. Wengi walisema ni vyuma chakavu. Mzee akaja na flashi moja aliyoifunga uzi wa kijani isipotee. Humo alikuwa ameweka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usiolipiwa na usiodai mashine mpya. Alituonyesha kitufe cha kubonyeza mara tu kompyuta inapowaka, ili ianzie kwenye flashi badala ya kuhangaika na diski. Wiki moja tu, zote kumi na nane zikawa hai.

Anafundisha mikono ikiwa mfukoni. Hagusi kibodi ya mwanafunzi hata umlilie. Ukikwama, anakuuliza skrini inasema nini, unaisoma kwa sauti, na mara nyingi jibu limo humohumo. Kosa letu sugu lilikuwa kusahau kuchomoa flashi kazi ya kuweka Linux ikiisha. Kompyuta ikijiwasha upya, inaikuta na kuanza kazi yote tena. Hapo Mzee hucheka na kutuuliza: mgeni ameshaaga, mbona hamumsindikizi?

Mwezi uliopita tuliingiwa na hofu. Kwa kuwa hakuna fundi mwingine, kamati ya shule ilitaka kukifunga chumba siku atakapoondoka. Mzee aliwaomba waje waone kwanza. Aliandaa kompyuta moja tupu, akasimama dirishani, mikono mfukoni. Wasichana wawili wa kidato cha pili wakaanza kuiwekea Linux, mmoja akibonyeza, mwingine akisoma skrini. Mwishoni kompyuta ikajizima ili iwake upya, nao wakaduwaa, flashi ingali imechomekwa. Tukamwona Mzee anatoa mkono mfukoni. Ghafla aliyekuwa akisoma akashtuka, akauvuta ule uzi wa kijani, na kompyuta ikawaka salama.

Mkono wa Mzee ulikuwa umetoa leso tu. Alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Chumba hakifungwi. Flashi inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango.

Babu, asante kwa kutogusa kibodi zetu. Upumzike vyema pamoja na mama yetu wa jikoni, na wajukuu wasikufichie bisibisi. Ijumaa klabu nzima itakufikisha hadi getini. Safari hii hatutasahau kumsindikiza mgeni.