Kufuli la Bi Ursula

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mstahiki Meya, Baba Paroko uliyetoka Nyegina, wazee wenzangu wa Iringo na Kitaji, ndugu wageni waalikwa mlioacha shughuli zenu Bunda na Butiama, na wewe Bi Ursula, afisa utamaduni wetu unayestaafu leo: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeambiwa niseme kwa ufupi. Aliyeniambia ni mgeni, hanijui. Mimi ni Masatu, mtu wa kwanza kufungua banda la video pale Iringo. Niliishia darasa la nne, lakini maprofesa wamekaa kwenye mabenchi yangu, tena kwa adabu.

Banda hilo, ndugu zangu, Bi Ursula alilifunga. Alikuja na kufuli la shaba, akasema naonyesha filamu isiyo na kibali na watoto wamo ndani. Nilibishana naye mlangoni mpaka jua likazama. Alifunga. Nilipopata kibali alikuja kufungua mwenyewe, na kufuli likabaki kwangu.

Baadaye watu walihamia kwenye simu, banda likawa ghala la mahindi. Tulikuwaga tukikutana sokoni namchokoza: mimi ulinifunga kwa sababu nina mlango, je, hawa wa mtandaoni utawafunga wapi? Alicheka tu, akaendelea kuchagua nyanya.

Kisha ukaja msiba, tukaacha kucheka.

Fredy, mvuvi wa upande wa Nyegina, alitoka na mtumbwi. Mtumbwi ukarudi, yeye ziwa halikumrudisha. Katika ukoo wetu mtu wa namna hiyo haachwi bila kaburi. Tunakata shina la mgomba, tunalivika shati lake, tunalizika kama mtu. Debora, mke wake, alilikumbatia lile shina akalia mpaka sauti ikakatika. Nani kati yenu angemcheka? Baba Paroko alikuwepo, alivua kofia.

Kati ya waombolezaji alikuwepo mgeni mwenye kamera, amekuja na sukari mkononi. Hatukumuuliza kitu. Kwetu msiba hauna lango. Anayekuja kulia haulizwi ametoka wapi. Tulimpa kigoda, tukampa ugali na sato. Haukupita muda mrefu, msiba wetu ukaonekana kwenye kampuni moja ya ng'ambo inayouza filamu mtandaoni, umepachikwa ndani ya filamu ya wachawi. Uso ni wa Debora, kilio ni chake, na juu yake wameweka muziki wa kutisha. Sokoni wakaanza kumwita "mke wa mgomba". Akaacha kuuza samaki, akajifungia ndani.

Hapo utani wangu ukawa swali la kweli. Je, serikali yetu ina mkono wa kufika huko? Kampuni ilijibu kwamba haina ofisi Tanzania, na sheria inayoijua ni ya kwao. Wasomi wakatushauri tuache, kwamba upepo haukamatwi. Nikaenda ofisini kwa Bi Ursula, nikamuuliza lile swali la sokoni. Safari hii hatukucheka.

"Mzee Masatu," akasema, "sangara ni wa nchi gani?"

Nikamwambia sangara hana pasipoti.

"Na mwenye kokoro, ule wavu haramu, mnamkamatia wapi?"

"Mwaloni, anaposhusha samaki."

"Basi hata hawa wana mwalo. Wanashusha filamu kwa watu wetu, wanalipwa kwa simu za hapa hapa. Anayeshusha kwenye mwalo wetu afuate sheria ya mwalo wetu."

Alizunguka na neno hilo wilayani, mkoani, mpaka Dodoma, hadi waliosema haiwezekani wakachoka kusema. Kampuni ikaambiwa iiondoe filamu ile au ikose soko la nchi nzima. Ikaiondoa. Debora yule pale, safu ya pili, mwenye kitenge cha bluu. Amerudi kuuza samaki.

Najua mtaniuliza: serikali ikishika kufuli, si itafunga hata ukweli usioipendeza? Swali hilo nalijua kuwazidi nyote, maana mimi ndiye niliyefungiwa. Ndiyo maana nasema, anayefunga aje mchana, ataje jina lake, ataje kosa, na akubali kubishiwa, kama huyu mama alivyonisimamia mlangoni. Mamlaka isiyobishiwa nayo ni kokoro. Inazoa mpaka vifaranga vya samaki.

Lakini kazi haijaisha. Filamu ile imefungwa kwetu tu. Ukivuka mpaka pale Sirari, ukaingia Kenya, unaikuta inacheza. Na Diana, binti wa Debora, anaolewa huko huko Kenya, Migori, Desemba hii. Mama yake amesema haendi. Nimembembeleza, mimi ambaye sijazoea kubembeleza, akanijibu, "Siwezi kuingia ukweni kwa mwanangu nikiwa mke wa mgomba."

Ziwa letu lina serikali tatu. Mwenye kokoro akifukuzwa huku alikuwa anakimbilia kule, mpaka serikali zilipokaa pamoja. Zilikaa kwa ajili ya samaki. Zitashindwaje kukaa kwa ajili ya uso wa mjane?

Bi Ursula, wenzangu wamekupa godoro na friji. Mimi nimekuja na kufuli lako. Nilikuwa nimelitunza kwa ajili ya ugomvi, maana hata leo nasema filamu yangu ile haikuwa na ubaya. Lakini sikukabidhi wewe. Mlango wako umeshaufunga, nenda ukapumzike, mama. Namkabidhi Faustine anayekalia kiti chako. Kijana, usiliweke kabatini. Migori nako kuna ofisi kama yako, na Jumatatu barabara ya Sirari iko wazi.

Nawashukuru nyote kwa masikio yenu na kwa kuvumilia ubishi wa mzee. Faustine, njoo mbele ulichukue. Pita pale safu ya pili, Debora akuone.