Vikombe vya Wageni

Kwenye bajaji ya kwenda Mabibo, Bi Mwanakombo alikuwa amepakata boksi la vikombe vya maua alivyovitamani tangu aolewe. Alidhani leo moyo ungetulia. Mbona hautulii, hajui.

“Jioni si utavizindua kwa chai, mama?” akauliza dada aliyekaa pembeni yake. “Vya wageni hivi, mwanangu,” akajibu Bi Mwanakombo. “Wanakuja lini?” dada akauliza.

“Walikuja Idi.” Bi Mwanakombo akasita. “Kabatini nilikuwa navyo vingine vizuri, ila niliwapa vya plastiki. Niliogopa watavivunja.”

“Sasa hivyo vya kabatini ni vya nani?”

Bi Mwanakombo akalitazama boksi mapajani. Bajaji ikasimama. Akashuka na boksi lake, ana hamu kweli ya chai, na hajui atainywea kwenye kikombe kipi.