Kishada cha Mwalimu na Kandambili za Kapteni

Benchi letu liko nje, chini ya dirisha la sebule yangu. Lina miguu minne, mitatu ya mbao na mmoja wa matofali. Wanaolikalia ni walewale. Kuna Pancha, fundi baiskeli, ambaye sijawahi kuiona mikono yake ikiwa misafi. Kuna Profesa, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hajawahi kusema "sijui". Kuna Kapteni, fundi rangi, ambaye kitu pekee alichowahi kupanda na kukiongoza ni ngazi. Na kuna mimi, wananiita Mita, niliyesoma mita za maji za watu miaka thelathini. Alasiri hiyo ilikuwa ya tatu tangu Kapteni aokolewe majini. Alikuwa amejilaza juu ya tyubu ya lori, upepo ukamsukuma mpaka watu wa ufukweni akawaona wadogo kama punje. Aliyemfuata ni Mwalimu, yule binti anayefundisha watu kusimama juu ya ubao na kuvutwa majini na kishada kikubwa. Alimwambia ashike mkanda wa mgongoni mwake, kishada kikawaburuta wote wawili, kikiukata upepo mshazari, mpaka nchi kavu. Lakini kuwaongoza wawili si sawa na mmoja. Mwishoni kikaangukia mawe, kikachanika urefu wa mkono mzima. Mwalimu hana kingine, na wanafunzi wake wanakuja kesho asubuhi. Kwa hiyo kishada kilikuwa kimetandazwa sebuleni kwangu, kimevuka mlango wa chumbani, na mke wangu, fundi cherehani, alikuwa amekipigia magoti. Sisi tulikuwa nje tunamsaidia kwa mdomo.

Pancha: Mita, kikombe changu kiko wapi?

Mimi: Kiko kazini.

Pancha: Kazi gani tena?

Mke wangu, dirishani: Kinachora pembe! Tulia, shemeji, utakipata.

Ilikuwa hivi. Kiraka cha kishada hakitakiwi kuwa na pembe kali, maana upepo ukikuta pembe unaanzia hapo hapo kubandua. Mke wangu aliweka mdomo wa kikombe cha kahawa kwenye kila pembe ya utepe wa kunata, akachora, akakata mviringo. Alijaribu sahani, ikawa kubwa. Alijaribu kifuniko cha chupa, kikawa kidogo. Kikombe cha Pancha kikaenea kama kilizaliwa kwa kazi hiyo. Ndiyo maana tulikuwa watu wanne na vikombe vitatu.

Pancha: Viraka ni kazi yangu mimi. Unapiga msasa, unapaka gundi ya solusheni, unasubiri ikauke, unabandika, unagonga na nyundo. Basi.

Mke wangu: Ukipiga msasa kitambaa hiki utabaki na chandarua.

Profesa: Mngenisikiliza jana, saa hizi kishada kingekuwa angani. Nilisema nini? Kimechanika kushoto. Basi tuchane na kulia, urefu uleule. Kitakaa sawa. Hiyo ni sayansi ya mizani.

Mke wangu: Profesa, suruali yako ikichanika goti la kulia, unachana na la kushoto?

Profesa: Inategemea naenda wapi.

Kapteni: Mimi nasema tupake rangi ya mafuta. Mikono miwili, yaani mipako miwili, na primer ya kushikia chini. Rangi inashika kila kitu.

Pancha: Itakuwa nzito, itashindwa kuruka.

Kapteni: Basi tuliache tundu. Kweli kabisa, tuliache! Upepo ukiingia unataka mlango wa kutokea. Nyumba isiyo na dirisha inavimba.

Pancha: Nyumba gani umewahi kuiona imevimba?

Kapteni: Nimepaka nyumba mia mbili, usinifundishe nyumba.

Niseme ukweli, mke wangu naye alishakosea mara moja, na kosa lake lilikuwa la ufundi wake. Siku ya kwanza alikutanisha kingo mbili za tundu, akazikunja, akapiga mshono safi wa suruali. Ulipendeza. Tukakijaza upepo, maana fremu ya kishada si mijiti, ni mirija ya hewa, mmoja mkubwa mbele na midogo mgongoni. Kikasimama kimeinama upande mmoja kama mtu mwenye maumivu ya mbavu. Kumbe kila kidole cha kitambaa unachokikunja ni kidole unachokipunguza, na kishada kilichopunguzwa upande mmoja kitageuka upande huo siku nzima. Mwenyewe hakubishana. Alichukua wembe, akakaa chini, akafumua uzi mmoja mmoja mpaka jua likazama. Kisha akakiosha chumvi, akakikausha kwa feni, akakifuta kwa spiriti, akaanza upya. Safari hii kingo zinatazamana bila kupandana, utepe unabandikwa juu na chini, na cherehani inapita ukingoni tu, kwa mshono wa kwenda na kurudi. Ili kitambaa kisiteleze alikigandamiza na pasi, kopo la unga, na daftari zangu zote za mita. Miaka thelathini nilikuwa najiuliza daftari zile zitafaa nini.

Pancha naye, pamoja na solusheni yake, alitufaa. Siku ya pili mrija mkubwa ulikuwa unalegea taratibu na hatujui unavujia wapi. Aliomba beseni la povu la sabuni, akapaka mrija wote kwa sifongo, akainama sikio karibu kama daktari. Dakika kumi baadaye akaonyesha kidole: kipovu kimoja, kidogo kama jicho la samaki. Akakiziba mwenyewe. Tangu hapo amekuwa akilirudia jambo hilo kila baada ya kikombe, na tunamwachia, ni haki yake.

Profesa: Lakini tuwe wakweli. Hivi kweli binti mwembamba vile anaweza kumvuta Kapteni? Mtazameni. Tumbo peke yake ni abiria.

Kapteni: Ndicho ninachowaambia! Mimi sikuvutwa. Mimi nilisindikizwa.

Pancha: Juzi ulisema ulikuwa unazama.

Kapteni: Juzi nilikuwa nimechoka, sikueleza vizuri.

Pancha: Na jana ukasema umebakiza hatua ishirini ufike mwenyewe.

Kapteni: Hatua kumi na tano. Na ukiangalia sana, mimi ndiye niliyekuwa naweka uzito nyuma. Bila uzito nyuma yule binti angepeperushwa. Naweza kusema tuliokoana.

Profesa: Hapo kuna hoja. Kisayansi, kishada kilihitaji nanga.

Kapteni: Umeona? Nanga! Yaani kama si mimi...

Akanyoosha miguu kwa raha, akaikunja upesi. Alikumbuka alichovaa. Siku ya tatu hiyo Kapteni alikuwa anatembelea kandambili za mkewe, za waridi, zenye ua juu ya kidole, na kisigino chake kinaning'inia nje nusu. Zake zilibaki kule majini. Tulikuwa tumeziona tangu siku ya kwanza, ila kuna mambo hata kijiweni watu huwa wanastahiana.

Hapo ndipo akaja dada mmoja, mgeni kwetu, ameshika sweta la shule lililotoboka kiwiko.

Dada: Habari zenu. Naambiwa fundi anakaa hapa.

Mimi: Ndipo hapa. Karibu, dada, kaa. Yumo ndani ila leo ana kazi ya angani.

Akakaa upande wa matofali. Nilimpa kahawa kwenye kikombe changu, tukabaki na viwili. Akasikiliza. Kapteni alipoona sikio jipya akaianza hadithi upya kutoka kwenye tyubu, na safari hii ilikuwa na wimbi refu kama nguzo ya umeme, na yeye ndiye aliyempigia Mwalimu kelele "kata kushoto, kata kushoto!" Profesa aliongeza maelezo ya kitaalamu. Pancha aliongeza kipovu. Dada alikunywa polepole, akaweka kikombe chini.

Dada: Samahani kaka, nimeuliza tu. Alipokufikisha nchi kavu, wewe ulimwambia nini?

Kapteni aliinama. Akatazama kandambili za waridi. Pancha alichungulia kikombe cha Profesa.

Dada: Na nyinyi wengine? Maana naona mna siku tatu mnamzungumzia.

Akamtazama Profesa, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu.

Profesa: Hilo... sijui.

Nimekaa na mtu huyu miaka kumi na moja. Neno hilo nilikuwa sijalisikia kinywani mwake. Birika lenyewe lilionekana limeshangaa.

Kapteni: Nilimuuliza kandambili zangu ziko wapi.

Dada aliweka sweta magotini, akamgeukia.

Kapteni: Ndiyo hivyo. Yeye amelala kwenye mchanga anahema, kishada chake kimechanika kule kwenye mawe, na mimi namuuliza kandambili. Dada yangu, mimi nilikuwa nakufa. Tyubu ilikuwa imeniponyoka, maji yalikuwa hapa, hapa puani. Nilishaanza kumuaga mama watoto kimoyomoyo. Yule binti alinijia akaniambia "shika mkanda, baba, usiuachie," akaniita baba. Nikashika. Sikuweka uzito wowote nyuma. Nililia njia nzima. Sasa kila nikitaka kwenda kwake naona aibu, narudi hapa naongeza chumvi.

Pancha alimwekea mkono begani, ukaacha alama nyeusi kwenye shati. Mimi nilichukua birika nikaingia ndani, eti kutafuta kahawa nyingine. Kahawa hapakuwa na hata chembe, na nilijua. Nilimkuta mke wangu palepale, magoti yamefungwa vitambaa, pini tatu mdomoni. Siku tatu sebule yangu haina pa kukanyaga, na mimi nililolisema ni moja tu, kwamba chakula kimechelewa.

Mimi: Mama, asante.

Akatoa pini.

Mke wangu: Asante ya nini?

Mimi: Ya hii. Na ya zile nyingine.

Mke wangu: Unaumwa?

Mimi: Siumwi.

Mke wangu: Basi shika hapa, usivute. Ukivuta tu umeharibu.

Nikashika bila kuvuta, naye akapitisha mshono wa mwisho.

Mwalimu alifika jua limepoa, begi mgongoni, pampu mkononi. Tulikitoa kishada kwa mlango wa mbele, wanne huku na wanne kule, majirani wamo, na yule dada wa sweta kashika ncha. Mwalimu akakijaza hewa barabarani. Kikapanda taratibu, kikatanuka mbele ya ukuta wangu, chekundu na cheupe, kikasimama wima. Mwalimu alipitisha kiganja juu ya kiraka, juu na chini, mara mbili. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akapima kulia na kushoto. Mke wangu alikuwa ameshika mlango kama mtu anayesubiri majibu ya mtihani.

Mwalimu: Kimenyooka, mama. Hakina hata kunyanzi. Kesho naenda nacho.

Mke wangu alijifuta macho kwa kanga, akasema ni vumbi. Mwalimu akamkumbatia. Akamshukuru Pancha kwa mrija, naye Pancha akamweleza habari za kipovu. Akanishukuru mimi kwa sebule. Akamshukuru Profesa, ambaye hakuwa amefanya kitu, na Profesa akaipokea. Akasikia habari ya kikombe, akakishukuru na kikombe. Kila shukrani iliyotoka ilizidi kumsogeza Kapteni nyuma ya nguzo, mpaka Pancha akamshika kiwiko na kumtoa.

Kapteni: Mwalimu.

Mwalimu: Baba.

Sisi tunaomfahamu tulijiandaa kwa hotuba. Nilishaona shingo yake inajaa maneno.

Kapteni: Asante, mwanangu. Asante sana. Niko hai kwa sababu yako.

Ikawa hiyo tu. Tangu benchi lile liwekwe, ndiyo sentensi fupi kuliko zote aliyowahi kuikalisha pale. Mwalimu aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akafungua begi.

Mwalimu: Siku ile meno yako yalikuwa yanagongana, sikusikia vizuri. Nilisikia neno moja tu. Basi nilirudi kuzitafuta. Hii moja niliikuta jioni ileile kwenye mawe. Hii ya pili maji yameileta leo asubuhi.

Zilikuwa zenyewe, za bluu, zenye matone ya rangi ya nyumba mia mbili. Kapteni alizipokea kwa mikono miwili. Hakuzivaa. Alizikumbatia kifuani, akavua zile za waridi akaziacha chini ya benchi, akaenda nyumbani peku.

Hatujakaa sana, mkewe akaja kuzifuata kandambili zake.

Mke wa Kapteni: Shemeji, mume wangu mmempa nini? Amefika nyumbani ananishukuru. Kanishukuru kwa chai, kanishukuru kwa kandambili, sasa hivi yuko uani anamshukuru jirani kwa kamba ya kuanikia. Nimemshika paji la uso, halina joto. Anaumwa?

Mke wangu alitoa kichwa dirishani, kikombe cha Pancha mkononi.

Mke wangu: Haumwi, mwenzangu. Hata wangu asante imemshika leo. Usimpe dawa.