Macho Yaliyotangulia Dua

Benchi letu liko Fittja, huku kwa Waswidi, nje ya senta ya maduka, mahali ambapo upepo wa ziwani haukupati ukikaa katikati. Ndiyo maana katikati nakaa mimi, Dativa, na chupa ya kahawa ni yangu. Kulia hukaa Alphonse wa Bukavu, tunamwita Profesa kwa kuwa hajawahi kusema hajui. Kushoto ni Sulaiman wa Jinja, tunamwita Waziri, kila balaa ana mpango wake. Siku hiyo mwenzetu Anselmo, mchonga mawe ya makaburi, hakutaka kuketi. Alisimama mbele yetu na vumbi la jiwe kwenye nyusi. Mtawa wa hekalu la Wabudha alikuwa aje saa nane, waende wote karakanani kwa Anselmo, Tumba, kutazama sanamu aliyoagizwa na hekalu.

— Rudia, nikamwambia. Polepole.

— Walinipa graniti niwachongee Budha wa kuketi nje, bustanini kwao. Miezi tisa nimeichonga. Wakasema macho niyaache mpaka siku ya dua, maana atakachokitazama kwanza kina uzito.

— Na wewe?

— Nimeyachonga juzi. Mkono ulikwenda wenyewe, Mama Dativa. Babu alinifundisha vinyago kule Newala, akanikataza kuuacha uso ulale usiku bila macho.

— Wakiikataa?

— Inasagwa kokoto. Na nani atanipa tena jiwe la kuchonga mtu? Nitarudi kwenye majina ya marehemu.

Waziri akasogea mbele.

— Ssebo, bwana wangu, yazibe kwa saruji. Kidole kimoja hakivunji chawa.

— Baridi ya Januari itaitema hiyo saruji, nikasema.

— Basi mgeuze, akasema Profesa. Chonga uso mwingine nyuma, huu wa sasa uwe kisogo. Maji hufuata mkondo.

— Na masikio? nikauliza.

— Masikio ni yale yale. Donc, kwa hiyo, nusu ya kazi imeshaisha.

Anselmo hakucheka. Alitazama mlango wa stesheni ya metro.

— Mwambie mtawa jiwe limefumbua macho lenyewe, akasema Waziri. Asiyekuwepo na lake halipo. Muujiza huo, watu watakuja kwa mabasi.

— Nimdanganye mtu wa dua juu ya dua yake? Nitasema kweli.

— Sema nusu, akasema Profesa. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtawa akatokea, joho la rangi ya chungwa chini ya koti la baridi, viatu vya theluji miguuni. Anselmo akamweleza kwa Kiswidi, yote, hata la babu. Mtawa alisikiliza mpaka mwisho.

— Macho yalipokamilika, nani alikuwa mbele ya sanamu?

— Mimi. Nimepiga magoti, peke yangu.

Mtawa hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akatugeukia sisi watatu.

— Ninyi huketi naye hapa?

— Miaka kumi na mmoja, akajibu Profesa upesi.

— Basi niambieni, maana ndiye aliyetazamwa kwanza. Ni mtu wa namna gani?

Profesa akainama kufunga kamba za kiatu zilizokwisha kufungwa. Waziri akavuta kofia mpaka masikioni. Mimi maneno juu ya Anselmo ninayo tele, ila yote ni ya kumcheka. Nikamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Anselmo akatutazama mmoja mmoja, akingoja.