Kata ya Kwanza ya Kisima cha Mitole

Assalamu alaikum, jamaa zangu. Wazee mlioko hapa, shikamooni. Ninyi mliotoka Tingi, karibuni Mitole. Kuchimba kisima mtaonyeshwa kesho na wenye nguvu. Mimi nimeombwa nieleze tulivyofika hata tukakichimba hiki chetu, na nitasema yote, hata yanayonitia aibu. Majina sitayataja. Mwenyewe anayehusika amekaa hapa hapa, na akisikia naongopa atanikatiza.

Zamani kila nyumba ilikuwa na shimo lake la maji kule korongoni, kwenye mchanga. Mume analichimba, mke anateka kwa kata, kisha analifunika kwa miiba nguruwe wasilivuruge. Shimo la mwenzio huligusi, kama usivyogusa kitanda chake. Ndivyo tulivyolelewa.

Vita vikaja. Mume wangu alinyunyiziwa ile dawa ya kuzuia risasi pamoja na wenzake, akaniaga akicheka, akaenda. Hakurudi, wala mwili wake sikuuona. Askari wa Wadachi wakachoma nyumba na maghala, wakang'oa mihogo, nasi tukakimbilia porini. Tuliporudi tulikuwa wanawake, watoto na vikongwe tu. Wanaume waliobaki wazima walikuwa wamepelekwa Kivinje kubeba mizigo ya serikali. Tulikula ming'oko, mizizi ya porini, na ming'oko haichemki bila maji. Mvua nayo ikatunyima mwaka ule. Mashimo yakakauka moja moja, likabaki langu, ambalo marehemu alilichimba kwa kina.

Nikawa nashinda pale, panga mapajani. Nilikuwa na watoto wawili na nilikuwa naogopa. Msidhani natafuta udhuru, nawaeleza tu nilivyokuwa.

Akaja jirani yangu, mwenzangu tuliyechezwa naye unyago siku moja. Mgongoni alikuwa na mwanawe, mdomo umempasuka kwa kiu.

"Dada, nipe kata moja tu, ya mtoto."

"Shimo hili kalichimba mume wangu," nikamwambia. "Nenda bwawani."

Bwawani, ndugu zangu, nilikuwa najua kuna nini. Walilala mle watu waliouawa, na maji yake yalinuka. Alinitazama, akageuka, akaenda huko huko nilikomtuma.

Mtoto akashikwa na tumbo la kuhara. Siku ya tatu yule mama akarudi, mgongo mtupu. Hakulia. Alisema, "Sikuja kuomba ya kunywa. Naomba ya kumwosha."

Niliondoa miiba nikateka mtungi mzima. Alipokuwa hai nilimnyima kata moja, alipokufa nikampa mtungi. Mazishini sikwenda, sikuwa na uso wa kwenda. Nawaambia kweli, nilitamani nami nife, ila watoto wangu wangebaki na nani?

Asubuhi yake niliitupa ile miiba yote, nikapita kila mlango nikawaita wenzangu waje wateke. Siku ya nne shimo likakauka, kama nilivyokuwa naogopa tangu mwanzo. Hapo ndipo niliposema tuchimbe kisima kimoja, kirefu, kisiwe cha mtu. Bibi mmoja akasema mwanamke akiingia kisimani maji hukimbia. Nikamwambia, bibi, yamekwisha kukimbia, tuyafuate.

Mzee mmoja asiyeweza kutembea alibebwa hadi hapa. Akatufundisha kupanga magogo pembeni ili mchanga usituzike, na kusuka kamba ya magome. Kisha akauliza nani atashuka. Nikasema mimi. Akauliza nani atashika kamba. Yule mama akainuka, akaizungusha kamba kwenye kisiki, akakaa.

Kila siku nilishuka roho yangu ikiwa mikononi mwake. Hatukusemezana. Wenzetu walimsaidia kuvuta vikapu vya udongo, lakini kamba yangu hakumwachia mtu. Nilipokuwa chini nilikuwa naona kichwa chake tu, naye alikuwa anaona changu, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini.

Siku maji yalipotoka, wenzetu walikuwa wamekwenda kuchimba ming'oko, tulikuwa wawili tu. Jembe liligonga udongo laini, baridi ikanipanda miguuni. Nikachota kata ya kwanza, nikaitia kwenye kikapu, nikampandishia. Aliichukua. Kisha kichwa chake kikatoweka.

Nikaita, nikaita tena. Nikaivuta kamba, ikanidondokea yote kichwani. Maji yakafika magotini. Nikajua ndiyo siku yenyewe, wala sikumlaumu. Nilichowaza ni kwamba mtu akifia kisimani hakitanyweka, na kazi yote itakuwa bure.

Maji yalikuwa kiunoni kichwa kiliporudi. Akateremsha kamba nyingine, ile ya vikapu. Nikapanda, nikajitupa chini. Ile kata ilikuwa mkononi mwake, tupu.

Nikamuuliza alikuwa wapi.

"Nilimpelekea mwanangu. Nimemmwagia kaburini." Kisha akasema, "Siku ya kwanza nilitaka kuiachia kamba. Sasa teka unywe."

Nikamwambia sitakunywa kabla yake. Tangu siku ile ndiyo desturi ya kisima hiki. Mtu hanywi mpaka amnyweshe mwenzake kwanza. Mgeni akija, mgeni ndiye wa kwanza. Mkigombana, ndiyo zaidi.

Nawashukuru wote waliovuta udongo huku wana njaa. Yule mzee hakuishi kuyaonja maji, Mungu amrehemu. Na wewe uliyeshika kamba, ahsante. Hujaniambia kama umenisamehe, nami sitakuuliza mbele ya watu.

Ninyi wa Tingi, nasikia mnagombania kisima kiwe karibu na mlango wa nani. Hilo ni lenu. Ila kabla hamjapiga jembe, nendeni korongoni mkaitoe miiba, kila mtu ya kwake. Mimi niliitoa mtoto akiwa ameshakufa.

Haya, mwenzangu, kata hii hapa. Anza wewe.