Mzaliwa wa Nainokanoka Aliyeandikwa Mgeni: Josephati Koinet Olais, 1938–1986

Ndugu, majirani na waombolezaji, marehemu tunayemzika leo alizaliwa Nainokanoka, Ngorongoro. Cheti cha ubatizo kinataja tarehe 2 Aprili 1938; mama yake alisema ilikuwa mvua ya kwanza ya masika, na kauli hizo mbili hazipingani. Baba yake, Olais, alizaliwa Ol Balbal. Mama yake, Nashilu, alizaliwa Loita, upande ambao leo ni Kenya. Mahali hapo patatu pametajwa kwa uangalifu, kwa kuwa maisha ya marehemu yalikuja kupimwa kwa mahali hapo.

Olais alifariki mwaka 1947. Tangu siku hiyo jina lake halikutamkwa nyumbani, maana kwa Wamasai jina la aliyekufa haliitwi na watu wake. Mwaka uliofuata Nashilu alimpeleka mtoto shule, Karatu. Mwalimu alipouliza jina la baba, mama alitazama chini. Mwalimu akaandika Koinet, basi. Josephati likaongezwa kwenye ubatizo. Alimaliza shule ya kati Monduli mwaka 1956, akiwa wa nne kati ya wanafunzi thelathini na mmoja.

Mwaka 1958 aliajiriwa kuwa msaidizi wa mifugo, akihudumia majosho kuanzia Rhotia hadi Endulen. Mwaka 1963 alimwambia Mzee Hhando wa Rhotia kwamba ng'ombe wake bora asingemaliza juma. Hhando alimfukuza kwa fimbo. Ng'ombe alikufa siku ya tatu, na Hhando akatembea hadi Karatu kumtafuta.

"Bwana Mifugo, ni wewe uliyemroga?"

"La, Mzee. Ningetaka kuroga, ningesubiri kwanza unipe chai."

Chai aliipata, na aliyeileta ni Bernadina, binti wa Hhando. Walifunga ndoa kanisani Rhotia tarehe 12 Septemba 1964, wakajaliwa watoto wanne.

Mapema mwaka 1978, mpaka wa Kenya ukiwa umefungwa tangu mwaka uliotangulia, barua isiyo na jina ilifika katika ofisi moja mjini Arusha ikidai kwamba Koinet ni Mkenya kwa mama yake. Sheria ilikuwa bayana. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya Uhuru alikuwa raia tarehe 9 Desemba 1961 endapo angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Kuzaliwa Nainokanoka peke yake hakukutosha. Kwa mama hakukuwa na msaada. Alibaki baba, na shahidi pekee aliyekuwa hai ni mdogo wa baba, Mzee Tobiko, mzazi wa anayesoma wasifu huu.

Shauri lilisikilizwa tarehe 17 Mei 1978. Mazungumzo haya ni kama Koinet alivyoyasimulia. Mzee Tobiko hajayakana.

"Mzee, kaka yako aliitwa nani?"

"Tulinyonya ziwa moja."

"Sijauliza habari za maziwa. Jina."

"Alizaliwa Ol Balbal. Mimi pia."

"Alizaliwa nani? Niandike kwamba lilizaliwa jiwe?"

Karani alicheka. Koinet akafumbua kinywa ili aseme mwenyewe. Tobiko akamwambia kwa Kimasai, "Ukiliita, unawazika watoto wako." Koinet alikuwa na umri wa miaka arobaini. Alimtii baba yake mdogo. Ofisa akaandika: baba hajulikani.

Kazi ilikoma siku hiyohiyo. Mwezi Julai alivushwa mpaka. Huko nako, mtu aliyezaliwa nje ya Kenya alifuata uraia wa baba, si wa mama. "Mama yako ni wetu," aliambiwa, "wewe siyo." Akarudishwa, na aliporudi alifungwa miezi sita kwa kuingia nchini bila kibali. Kuanzia mwaka 1979 aliishi hapa Rhotia, katika shamba la mkwewe, kwa kibali cha mgeni. Watoto wake, waliozaliwa hapa baada ya Uhuru, walikuwa raia pasipo kuulizwa lolote. Oktoba 1985 mwanawe Inosenti alipokwenda kupiga kura kwa mara ya kwanza, baba yake alimsindikiza hadi kwenye foleni, kisha akarudi kulima.

Machi mwaka huohuo, katika nyaraka za zamani Arusha, lilipatikana daftari la kodi la mwaka 1936 lenye jina la Olais na mahali alipozaliwa, Ol Balbal. Ofisi ilitaka ndugu wa damu athibitishe kwamba huyo ndiye baba. Ofisa mpya alikuwa mpole.

"Mzee, jina nitalisoma mimi. Wewe itikia kwa kichwa tu."

Akalisoma. Mzee Tobiko aliinuka akatoka nje.

"Ni baba yangu," alisema Koinet.

"Ndugu, huwezi kuwa shahidi wa kuzaliwa kwako mwenyewe."

Ugonjwa wa ini ulimwanza Novemba 1985. Alifariki nyumbani tarehe 3 Septemba 1986, saa kumi alasiri. Kibali cha mazishi kimeandikwa: "Uraia: haujathibitishwa."

Jana mchana, katika kikao cha familia, Mzee Tobiko aliomba wasifu huu usomwe bila jina la baba wa marehemu. Mjane ndiye aliyemjibu.

"Baba, miaka ishirini nilimpikia mtu bila kujua ni mwana wa nani. Jina la mkwe wangu nimelipata kwenye daftari la kodi. Mimi ni Mwiraqw, si Mmasai; nitalitamka. Olais."

"Na watoto?"

"Watoto ni wa Olais. Patrisi, andika hivyo msalabani."

Mzee Tobiko aliomba maji ya kunywa. Fundi Patrisi, aliyechonga msalaba, aliandika.

Marehemu ameacha mjane, Bernadina, watoto Inosenti, Lukresia, Naserian na Kisioki, mjukuu mmoja, na baba mdogo, Mzee Tobiko, aliyeketi mstari wa mbele.

Josephati Koinet, mwana wa Olais wa Ol Balbal, na apumzike kwa amani.